Mtungi wa gesi haujauzima moto wa maji ya kuoga

Tangu Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, tumezizoea picha za jukwaa, mgeni rasmi na safu ya mitungi ya gesi ya kilo 6 ikisubiri kukabidhiwa kwa akina mama. Lengo la mkakati ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Naliunga mkono bila kusita. Kaya zetu nyingi mno bado zinategemea kuni na mkaa, na serikali yenyewe hutaja vifo 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa nishati hizo. Ninachopinga ni jinsi picha hizo zinavyosomwa. Kaya ikishapokea mtungi, tunaihesabu kuwa imeuaga mkaa. Kwa Dar es Salaam au Tanga mjini hesabu hiyo inaweza kukaribia ukweli. Kwa nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto na miteremko ya Mlima Meru, haiukaribii. Huko moto wa nyumbani una kazi tatu: kupika, kuchemsha maji ya kuoga, na kuota wakati wa kipupwe. Gesi imechukua kazi ya kwanza tu, tena nusu yake. Hizo mbili nyingine ndizo zinazoendelea kula miti, na ndizo ambazo jua lingeweza kuzifanya kwa gharama ndogo kuliko nishati yoyote tunayoigawa kwa ruzuku. Sioni zikipewa nafasi katika mjadala wetu.

Julai mwaka juzi nilikuwa Njombe kwa mama mdogo. Mtungi wake ulikuwa kwenye kona ya sebule, umefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kama siku alipoupokea. Nje, kwenye kibanda cha jiko, sufuria kubwa nyeusi tii ilikuwa juu ya mafiga tangu saa 10 jioni, na watoto walikuwa wakipanga foleni na ndoo zao. Nilipomuuliza kwa nini asitumie gesi, alinitazama kwa huruma. "Gesi ya kuogesha watu saba? Hiyo ni ya chai, mwanangu, na mboga za kupasha." Usiku, jiko la mkaa lililobaki na makaa likaingizwa ndani, mlango ukafungwa, tukaota.

Nilirudi na kalamu na karatasi, na hesabu ilinionyesha kwamba mama mdogo yuko sahihi kuliko wapangaji wetu. Chukua familia inayotumia lita 60 za maji ya kuoga kwa siku, yaani ndoo tatu za lita 20. Maji ya bomba au ya kisima huko wakati wa kipupwe yana nyuzijoto kama 15, na ya kuoga yanahitaji kufika 40. Kuyapandisha kunahitaji joto linalolingana na uniti 1.75 za umeme. Ukilitoa joto hilo kwenye gesi, kwa jiko la kawaida linalopoteza karibu nusu ya moto wake pembeni mwa sufuria, unachoma robo kilo kila siku. Mtungi wa kilo 6 unaisha kwa siku 24, na hapo hujainjika ugali. Kuujaza tena ni zaidi ya shilingi 20,000. Ukilitoa kwenye mkaa, ambao jiko lake hupoteza zaidi ya robo tatu ya joto, unahitaji kama kilo nzima kwa siku. Kwa hiyo mwanamke anayepika kwa gesi na kuchemsha maji kwa mkaa hana ukaidi wowote wala hajakosa elimu. Ameigawa nishati yake kwa akili: ya gharama kubwa kwa kazi fupi, ya gharama ndogo kwa kazi ndefu.

Hapa ndipo jua linapoingia, na hapa pia ndipo neno "sola" linapotuchanganya. Kwa miaka zaidi ya ishirini neno hilo limekuwa na maana moja vijijini: paneli juu ya paa, betri, taa tatu na waya wa kuchajia simu. Ukisema "maji ya moto ya sola", mtu anawaza paneli kubwa sana na betri za mamilioni, na anakata tamaa kabla hujamaliza sentensi. Kwa paneli hiyo yuko sahihi. Paneli ya wati 100, ikipata saa tano za jua kali, inatoa nusu uniti, na ndoo moja tu ya maji ya kuoga inahitaji karibu uniti 0.6. Yaani paneli nzima inafanya kazi kutwa isifikishe ndoo moja. Sababu ni kwamba paneli za umeme hugeuza takribani sehemu moja ya tano ya mwanga kuwa umeme. Bati lililopakwa rangi nyeusi chini ya kioo halihangaiki na umeme. Linachukua joto moja kwa moja, na hata likitengenezwa na fundi wa mtaani linaweza kunasa karibu nusu ya jua linaloliangukia. Tanzania hupata kati ya uniti 4 na 7 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita moja ya mraba ya kioo na bati jeusi, karibu ukubwa wa meza ndogo ya kulia, inatosha ndoo zote tatu siku ya jua zuri.

Si jambo la kubuni. Barbados ilianza kutoa nafuu ya kodi kwa hita za jua mwaka 1974, baada ya bei ya mafuta kupaa, na leo mitambo hiyo ni sehemu ya kawaida ya mapaa ya kisiwa kile. Israeli iliifanya sharti la kisheria kwa nyumba mpya mwaka 1980. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2012: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwenye jua. Ziangalie vizuri lita hizo 100. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya hoteli, hospitali na nyumba zenye bafu la mvua na tangi darini. Mtu wa Kinangop anayebeba maji kwa dumu hakuwamo, na hakuna aliyekosea kwa makusudi. Sera za joto la jua, karibu kila mahali, huanza kwa mwenye bomba.

Mfano unaotuhusu zaidi uko Afrika Kusini, na una pande mbili ambazo zote ni za kusomwa. Upande wa kwanza ni Kuyasa, mtaa wa nyumba za serikali huko Khayelitsha, Cape Town. Katika mradi uliosajiliwa mwaka 2005 chini ya mfumo wa kimataifa wa kupunguza hewa ukaa, nyumba zaidi ya 2,000 za watu wa kipato cha chini zilifungiwa hita ya jua, dari yenye kuzuia joto kutoroka, na taa za kutumia umeme kidogo. Vyote vitatu kwa pamoja. Waliotunga mradi ule walielewa kwamba baridi ya nyumba na baridi ya maji ni tatizo moja, na walitumia vijana wa mtaa huo huo katika ufungaji. Upande wa pili ni mpango wa taifa uliofuata, wa kufunga hita milioni moja ifikapo 2014. Haukufika hata nusu. Ruzuku ilifuata idadi ya mitambo iliyofungwa, na iliyofungwa ikahesabiwa kuwa inafanya kazi. Mingine ilipasuka mabomba kwa barafu ya majira ya baridi, mingine ilivuja na hakuna aliyejulikana wa kuitengeneza, na maelfu ya mitambo ilikaa ghalani kwa miaka huku mikataba na masharti ya bidhaa za ndani yakibishaniwa. Wapo wanaotumia kisa hiki kusema kwamba hita za jua hazifai kwa maskini. Mimi nakisoma kinyume. Teknolojia ile ile ilifaulu Kuyasa na kukwama kwingine ndani ya nchi moja, na tofauti ilikuwa fundi wa karibu na hesabu inayoangalia maji yaliyopata moto badala ya mitambo iliyogawiwa. Onyo hilo linatuhusu sisi tunaohesabu mitungi.

Hita ya kiwandani yenye mirija ya vioo inagharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na mara nyingi inavuka milioni. Sisemi mama mdogo anunue hiyo. Mwaka jana nilimwomba seremala mmoja wa hapo Njombe atengeneze sanduku la mbao lenye ukubwa wa mita moja kwa mita moja. Ndani yake tuliweka tangi bapa la bati la lita 60, lililochomelewa na fundi wa jirani na kupakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Pembeni na chini ya tangi tulijaza maranda makavu ya mbao, ambayo Njombe na Mafinga yamejaa kwenye viwanda vya mbao yakingoja kuchomwa. Juu tukafunika kioo cha dirisha cha milimita 4. Nyumba haina maji ya bomba ndani, kwa hiyo tuliweka faneli yenye mrija unaoshuka hadi chini ya tangi, na mrija mwingine wa kutokea juu. Ukimimina ndoo ya baridi kwenye faneli, maji ya moto yanasukumwa na kutoka upande wa pili. Hakuna koki, hakuna presha, hakuna umeme. Gharama yote pamoja na ufundi haikufika bei ya kujaza mitungi saba ya kilo 6. Siku ya jua la wazi, saa 10 jioni, kipimajoto kilionyesha 46. Siku ya ukungu kilionyesha 27.

Hiyo 27 ndiyo hoja nzito ya kwanza dhidi yangu, na siifichi. Kipupwe cha nyanda za juu hakifanani kila mahali. Limuru na Nairobi, Julai inaweza kupita wiki nzima mbingu zikiwa zimefunga. Njombe na Makete ni majira ya kiangazi, usiku ni wa baridi kali hadi sakitu kwenye mabonde ya Kitulo, lakini mchana mara nyingi hufunguka baada ya ukungu wa asubuhi. Kwa hiyo kuna siku ambazo sanduku halitatosha na moto utawashwa. Lakini maji yaliyoanzia 27 badala ya 15 yanahitaji karibu nusu tu ya kuni kufika 40. Jua halihitaji kufanya kazi yote ili liwe limefanya kazi. Tatizo la saa ni gumu zaidi kuliko la mawingu: jua linatoa maji jioni, na watoto wa shule wanaoga saa 11 alfajiri. Mama mdogo alilitatua mwenyewe. Anachota jioni kwenye dumu, analitia ndani ya boksi lililojazwa maranda na kulifunika kwa blanketi kuukuu. Asubuhi ni vuguvugu la kutosha.

Hoja nzito ya pili ni umeme, na kusema kweli ndiyo inayonipa shida zaidi. Mtumiaji mdogo wa majumbani analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei hiyo, lita zetu 60 kwa siku ni uniti 52 hivi kwa mwezi, kama shilingi 5,200. Ni nafuu mno kuliko gesi na hata kuliko mkaa. Sasa bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika, watu wanauliza: kwa nini tusimpe kila mtu hita ya kutumbukiza kwenye ndoo tukamaliza mjadala? Kwa nyumba iliyounganishwa, yenye watu wachache na nyaya nzuri, jibu langu ni: tumieni. Lakini uniti 52 zikitoka kwenye 75, zimebaki 23 za taa, redio, televisheni, pasi na simu. Familia ya watu saba inavuka mstari kirahisi, na ikishavuka inalipa zaidi ya mara tatu kwa uniti. Pili, hiyo bei ya shilingi 100 ni ruzuku. Mtu mmoja akichemshia maji haionekani. Mkoa mzima ukichemshia saa 12 jioni, wakati taa zote zimewaka na majiko ya umeme yanapika, mzigo unaangukia transfoma za vijijini ambazo hazikujengwa kwa kazi hiyo, na mtu wa kwanza kukatikiwa ni yule yule wa mwisho wa laini. Umeme ulio ghali kuzalisha na rahisi kubadili kuwa kitu chochote tungeutunza kwa mashine ya kusaga na friji ya chanjo. Kupasha maji hadi nyuzijoto 40 ni kazi ya chini kabisa unayoweza kuipa nishati.

Kuna hoja ya tatu ambayo nimeisikia kwenye vikao, tena kutoka kwa wasomi: kwamba maji ya moto ni anasa, watu wa milimani wamezoea baridi, tushughulike kwanza na chakula. Hii haina miguu. Kama ni anasa, mbona kila nyumba ya huko inachoma kilo ya mkaa au mzigo wa kuni kwa ajili yake, siku baada ya siku, kutoka kwenye kipato kile kile kidogo? Mtu hawezi kuitwa amezoea kuishi bila kitu anachokilipia kila jioni. Na waulizwe waliowahi kumlea mzazi wa siku tatu wakati wa kipupwe. Mama anahitaji maji ya moto asubuhi na jioni, mtoto mchanga anahitaji ya kwake, nguo zinahitaji kuloweka. Moto hauzimwi nyumba hiyo. Anayeuchochea ni bibi au binti aliyeachishwa masomo kwa wiki mbili, na moshi wanaouvuta ni ule ule tunaoutaja kwenye hotuba za nishati safi. Wazee wenye maumivu ya viungo, watoto wenye vikohozi, wote wamo. Kuliita hitaji hili anasa ni kulifuta kwenye vitabu huku miti ikiendelea kulilipia.

Kazi ya tatu ya moto, kuota, ndiyo ya hatari kuliko zote. Karibu kila msimu wa baridi tunasoma habari ya watu waliolala na jiko la mkaa ndani, milango na madirisha yamezibwa, wakakutwa wamekufa asubuhi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na makaa yaliyokwisha kutoa moshi ndiyo yanayodanganya zaidi. Tunatoa onyo, tunasahau, tunatoa tena. Onyo halipashi chumba joto. Kinachopasha, na ambacho pia ni jua, ni namna nyumba ilivyojengwa. Nyumba nyingi mpya za nyanda za juu zina bati lisilo na dari. Mchana bati linachoma, na usiku wa mbingu wazi linatupa joto lote angani kwa saa chache. Juni na Julai jua la Njombe linapita upande wa kaskazini, mchana likiwa nyuzi kama 57 tu juu ya upeo. Dirisha kubwa la kioo upande huo, likiangaza sakafu ya zege au ukuta mnene wa tofali, linaingiza joto ambalo ukuta utalirudisha polepole usiku. Dari ya mbao au hata ya mikeka yenye maranda juu yake inalizuia lisitoroke. Nyumba za tembe za kale katikati ya nchi, zenye kuta nene na paa la udongo, zilijua jambo hili. Ramani tunazonakili kutoka Dar es Salaam, zenye madirisha kila upande kwa ajili ya upepo, zimejengwa kukimbia joto, nasi tunazipeleka mahali panapolitafuta.

Nikifuata hoja hii hadi mwisho, kuna mambo kadhaa yanayopaswa kubadilika. Neno "kupikia" kwenye mkakati linaubana mno. Kinachohitajika ni joto safi la nyumbani, lote, na fedha za ruzuku zifuate joto hilo. Sehemu ndogo ya kinachotumika kugawa mitungi mikoa ya baridi ingetosha kuanzisha masanduku ya maji ya jua kwa mafunzo ya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) na karakana za SIDO (shirika la viwanda vidogo), ambako maseremala na wachomeleaji wapo tayari, na TBS, shirika la viwango, ikaweka kipimo rahisi: lita kadhaa, nyuzijoto kadhaa, saa 10 jioni, siku ya jua. Fundi alipwe sehemu ya fedha akifunga na sehemu nyingine mwaka mmoja baadaye, sanduku likiwa bado linapasha. Hapo ndipo Afrika Kusini ilipoteleza. Zahanati zenye wodi ya wazazi ziwe za kwanza, na mabweni ya shule yafuate, kwa sababu huko maji ya moto yanahitajika kila siku na kuna mlinzi wa kuangalia kioo. Halmashauri za nyanda za juu zinapotoa vibali vya ujenzi zina nafasi ya kudai dari, na kumshauri mjenzi ageuze dirisha la sebule kaskazini. Ushauri huo haugharimu tofali moja la ziada.

Na kabla ya yote hayo tubadili swali. Sensa na tafiti zetu za kaya huuliza chanzo kikuu cha nishati ya kupikia. Akiulizwa hivyo, mama mdogo anaweza kujibu "gesi", kwa kuwa anaitumia kweli. Atahesabiwa miongoni mwa waliovuka, na mafiga yaliyoko nyuma ya nyumba yake hayataonekana kwenye jedwali lolote. Maswali mawili ya nyongeza yangeyaonyesha: maji ya kuoga unachemshia nini, na usiku wa baridi mnaota nini?